Moshi wa Ngara kwenye daftari la Ulaya

Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, inasubiriwa na watengenezaji wa betri za magari ya umeme. Kampuni nyingi za magari zimeahidi kupunguza gesijoto, na ahadi hizo hupelekwa SBTi, chombo kilichoanzishwa mwaka 2015, shirika la uhifadhi la WWF likiwa miongoni mwa waasisi wake. Kampuni hulipa ada, huwasilisha hesabu zake, na wakaguzi hupima kama lengo lake linaendana na kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5.

Hapo ndipo Ngara inapoingia. Moshi wa wauza malighafi na wa wateja ukifikia asilimia 40 ya moshi wote wa kampuni, lazima nao uwekewe lengo. Kwa hiyo dizeli yoyote itakayochomwa Kabanga itaandikwa kwenye daftari la mtengenezaji wa gari huko Ulaya atakayetumia nikeli hiyo. Mgodi wa dhahabu wa STAMIGOLD, Biharamulo, umewahi kutegemea jenereta za dizeli. Waliolipa bili ya dizeli hiyo wataielewa hesabu hii haraka.

Ila muhuri wa SBTi unathibitisha lengo, hauthibitishi kwamba limetimizwa. Mwaka 2024 SBTi ilifuta ahadi za muda mrefu za kampuni nyingi zilizochelewa kuwasilisha malengo, Microsoft na Unilever zikiwemo.

Sisi tuna kituo cha Rusumo, megawati 80 za umeme wa maji tunazogawana na Rwanda na Burundi. Madiwani wa Ngara wakikutana na mwekezaji wa Kabanga, swali la kwanza liwe: mgodi utawasha mitambo yake kwa umeme upi?