Joto la Usiku Baada ya Matibabu ya Uvimbe wa Ubongo

Mazungumzo ya afya kwa akina mama, jamaa zao na wahamasishaji wa afya ya jamii

 

Chukueni mfano wa mama wa miaka 46 aliyemaliza mionzi ya kichwa. Usiku wa manane anaamka kifua kikiwaka, shuka limelowa jasho. Asubuhi hakumbuki sufuria aliiweka wapi. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba uvimbe umerudi. Jirani anasema ni malaria. Mama mkwe anasema ni umri tu, avumilie. Mwenyewe anavishuku vidonge vyake vya deksamethasoni, na anaamua kuviacha.

Uamuzi huo wa mwisho ndio wa hatari kuliko yote. Deksamethasoni huzuia ubongo kufura. Mwili uliotumia dawa hiyo kwa wiki kadhaa huacha kujitengenezea homoni inayofanana nayo, kwa hiyo ikikatizwa ghafla mgonjwa anaweza kuishiwa nguvu na kuzirai. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maagizo ya daktari. Ni kweli huleta joto la uso, jasho, hasira za haraka na kukosa usingizi. Mgonjwa amwulize daktari kama anaweza kuimeza asubuhi baada ya chakula badala ya jioni. Wengi hulala vizuri zaidi wakifanya hivyo.

Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55. Huhesabiwa umefika baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Lakini matibabu yanaweza kuuleta mapema. Kemotherapi inaweza kudhuru ovari. Mionzi nayo inaweza kuigusa tezi ya pituitari, iliyo ndogo kama punje ya njegere chini ya ubongo, ambayo ndiyo huziamuru ovari kufanya kazi. Madhara ya mionzi hayo huweza kuchukua miaka kabla ya kuonekana. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 35 ambaye hedhi imekatika asiambiwe avumilie; apimwe homoni kwa damu. Na hedhi kukoma wakati wa kemotherapi si kinga ya mimba.

Je, dawa za homoni zinafaa? Inategemea uvimbe wenyewe. Meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, huwapata wanawake zaidi, na mara nyingi huitikia homoni za kike, hivyo madaktari huwa waangalifu sana. Aina nyingine hupimwa kivyake. Zipo pia dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto la ghafla. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya vidonge vya homoni, vikiwemo vya kupanga uzazi. Mitishamba nayo isifichwe. Daktari hawezi kuzuia mgongano wa dawa asiyoijua.

Nyumbani, leso nyepesi ya pamba kitandani, dirisha wazi chini ya neti, na kuepuka chai ya rangi kali na pilipili jioni husaidia. Anayetaka kuoga usiku ili apoe, na aliwahi kuanguka kifafa, aoge kwa maji ya ndoo, mlango usitiwe komeo, na mtu ajue yuko bafuni. Deksamethasoni na ukomo wa hedhi vyote hudhoofisha mifupa, kwa hiyo omena, maziwa na matembezi ya kila siku vina maana hapa. Ukavu ukeni hutibika, hata kwa vilainishi vya maji vya duka la dawa. Wanawake wengi hulinyamazia hili, na waume hudhani wamechukiwa. Baba akiambiwa sababu, mengi hutulia.

Joto la ukomo wa hedhi hupita baada ya dakika chache, na haliletwi na homa. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi kwa aliye kwenye kemotherapi, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo kwa anayeumwa kichwa kinachozidi, anayetapika asubuhi, anayeona vibaya, anayelegea upande mmoja au anayeanguka kifafa. Damu ikirudi baada ya mwaka bila hedhi, hata ikiwa matone, ichunguzwe.

Usahaulifu ndio mgumu zaidi kutofautisha, kwa sababu uvimbe, mionzi, usingizi mchache na homoni vyote huuleta. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa joto lilipokuja, dawa iliyomezwa kabla yake, usingizi ulivyokuwa, na siku ya hedhi ya mwisho. Siku ya kliniki mama abebe daftari hilo pamoja na pakiti zote za dawa, na afuatane na mtu anayelala naye nyumba moja, maana huyo ndiye huona yale ambayo mgonjwa hayakumbuki.