Kichupa Kipya Si Dozi ya Zamani

Msikilizaji wa Moshi mjini, nawe wa Marangu, Kibosho na Rombo: kama unaishi na kisukari aina ya kwanza, haya yanakuhusu. Mzazi wa mtoto mwenye kisukari, sogea karibu na redio.

Tuseme umepewa insulini ya muda mrefu tofauti na uliyoizoea. Kabla hujaondoka kwenye dirisha la dawa, uliza: nichome uniti ngapi, na saa ngapi? Usihamishe dozi ya zamani kwenye kichupa kipya.

Itazame insulini yenyewe. Insulini ya NPH ina weupe wa maji yaliyooshewa mchele. Unaiviringisha taratibu viganjani kabla ya kuchoma, na wengi huichoma asubuhi na jioni. Insulini ya glajini ni angavu kama maji ya chemchemi. Hufanya kazi karibu siku nzima, na haichanganywi na insulini nyingine kwenye bomba moja. Ukitoka NPH mara mbili kwa siku kwenda glajini mara moja kwa siku, mara nyingi daktari hupunguza dozi. Ndiyo maana narudia: usihamishe dozi ya zamani.

Siku za mwanzo pima sukari mara nyingi zaidi, hasa kabla ya kulala na alfajiri. Ukitetemeka, ukatokwa jasho ilhali mlimani kuna baridi, huenda sukari imeshuka. Kunywa maji ya sukari papo hapo, pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.

Na kama insulini inakaribia kuisha, usiruke sindano. Shuka hospitali ya Mawenzi au KCMC mapema, na kichupa cha zamani mkononi.