Siku za Kungoja: Dawa, Mboga na Nyuki

(Hotuba kwa wakulima na wafuga nyuki wa Lutindi, Wilaya ya Korogwe)



Mboga za milima ya Usambara hutufikia hata sisi wa Visiwani. Kwa hiyo mkulima anaponyunyiza dawa hapa, nasi tumo katika hesabu yake.

Dawa haiondoki yote kwa siku moja. Jua huivunja, mvua huiosha, na mmea unapokua makali yake hupungua. Wataalamu huipima kwa muda inaochukua kupungua nusu. Tuchukue mfano wa dawa ambayo nusu yake hupotea kila baada ya siku 4: siku ya 4 hubaki nusu, siku ya 8 robo, na siku ya 12 thumuni. Kwa vipimo vya namna hiyo hukadiriwa siku za kungoja kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Lakini penye baridi na ukungu, dawa nyingi huchelewa kuvunjika kuliko bondeni penye joto.

Lipo jambo jingine. Siku hizo zimehesabiwa kwa ajili ya mlaji, nyuki hakuhesabiwa. Ua likifunguka asubuhi, yeye yumo. Tena zipo dawa, kama imidaklopridi, zinazoingia ndani ya mmea hadi katika chavua na mbochi, ambako mvua haifiki. Nyuki asipokufa huweza kupotewa na njia ya mzingani. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa tatu za jamii hiyo zisitumike katika mashamba ya wazi.

Nyuki wakitoweka, hasara si ya asali peke yake. Iliki, matango na maboga havizai vyema pasipo mdudu wa kupeleka chavua.

Kwa hiyo mnahimizwa yafuatayo:

(a) Mmea ulio katika maua usinyunyizwe.

(b) Ikilazimu, kazi ifanyike jioni nyuki wakisharudi, na wenye mizinga wapewe habari mapema. Nyuki huweza kuruka kilomita 3 na zaidi.

(c) Siku za kungoja zitimizwe zote, wala zisipunguzwe kwa kukimbilia soko.

(d) Inunuliwe dawa iliyosajiliwa tu na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Mlaji wa mbali hana njia ya kuiona dawa iliyobaki kwenye jani. Amewaamini ninyi.