Tafuta Chanzo Kabla ya Kumtafuta Mkosaji

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wenzake, walimu na wanafunzi wa sasa.)



Barua ya Ndugu Mwenyekiti ilinitaka nizungumze juu ya mafanikio katika utumishi wa umma. Niliisoma mara mbili, na mara zote mbili niliona haya. Watumishi wa umma tumejaa humu ukumbini, na wako wenye vyeo vinavyozidi changu kwa mbali. Kwa hiyo naomba ruhusa niseme jambo ninalolijua vizuri zaidi, kwa kuwa lilinipata mwenyewe na likaniaibisha. Ni habari ya gari langu, mpira mmoja uliopasuka, na kijana mmoja niliyemkosea.

Ilikuwa katikati ya Desemba 2023. Mama yangu alikuwa amekaa kwangu Dodoma miezi 2 akihudhuria kliniki ya macho, na alitaka sikukuu imkute nyumbani kwake Njombe. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 450. Mnaoijua njia mnaelewa: unateremka hadi bwawa la Mtera, kisha unaupanda mlima wa Nyang'oro kuelekea Iringa, na kutoka hapo unashika barabara ya Mafinga na Makambako. Nilikuwa niwachukue mama, mke wangu na watoto wetu 2 katika gari la petroli la silinda 4, ambalo umri wake umepita miaka 15.

Siku 5 kabla ya kuondoka nilijaza mafuta katika kituo nilichokizoea. Kesho yake asubuhi injini ikabadilika tabia. Sailensa ilikuwa ikipanda na kushuka yenyewe. Nikisimama kwenye taa za barabarani, gari lilitetemeka kama mtu mwenye homa, na taa ya njano ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Lakini nikishika barabara ndefu lilikwenda vizuri tu.

Mimi, msomi wa chuo kikuu, sikupoteza muda kufikiri. Jana nimejaza mafuta, leo gari linamisi. Basi mafuta ni machafu. Nilikwenda pale kituoni nikiwa na tai shingoni, nikazungumza kwa ile sauti ambayo sisi watu wa ofisini tunayo. Kijana aliyenihudumia alinijibu kwa adabu: "Mzee, tangu jana wateja wengine hawajalalamika." Nikaona ananijibu. Nikamwita msimamizi wake, naye kwa kunistahi akamwondoa kijana kwenye pampu mpaka suala lichunguzwe. Nikaondoka nimeridhika. Gari lilikuwa bado linatetemeka.

Kutoka hapo nilikwenda gereji. Fundi kijana alichomeka mashine yake ya kusomea, ikatoa namba P0171. Akaniandikia orodha: plagi 4, koili, pampu ya mafuta, na sensa ya kupima hewa. Jumla ilizidi shilingi laki 6. Lau ningekuwa nazo siku ile, ningelipa. Umaskini ndio ulioniokoa.

Jioni jirani yangu alinipeleka kwa fundi mtu mzima anayefanya kazi chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba yake. Huyu hakushika spana kwanza. Aliuliza maswali. Linasumbua likiwa limesimama au likiwa na mzigo? Lilianza ghafla au pole pole? Na mara ya mwisho lilipofanyiwa huduma, uliambiwa nini? Hilo la tatu nililijibu kwa kigugumizi, na baadaye mtaona kwa nini.

Kisha akanieleza jambo ambalo mwalimu wetu wa Fizikia alikwisha kutufundisha katika chumba kile pale, kidato cha pili. Pistoni ikishuka katika silinda huvuta hewa. Mguu ukiwa haujakanyaga mafuta, kilango cha kuingizia hewa kinakuwa karibu kimefungwa, kwa hiyo ndani ya bomba la hewa kunakuwa na ombwe, yaani mgandamizo mdogo kuliko wa hewa ya nje. Palipo na ufa wowote, hewa ya nje itaingia kwa nguvu. Hewa hiyo haikupita kwenye sensa inayohesabu, kwa hiyo kompyuta ya injini haina habari nayo. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Hewa ya wizi ikiingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inamisi.

Vijana, nitawapa mfano wa bwalo letu la chakula. Mpishi anapika kwa hesabu ya kiranja anayesimama mlangoni. Sasa wako wenzenu 5 wanaoingia kwa dirishani. (Msicheke, hata sisi tulikuwa nao.) Siku za likizo, wakibaki wanafunzi 20 tu, hao 5 wataleta njaa, kila mtu atajua kuna kasoro. Lakini shule ikijaa wanafunzi 600, hao 5 hawaonekani. Injini nayo ni hivyo hivyo. Likisimama, hewa inayotakiwa ni kidogo, na ile ya wizi inaharibu kila kitu. Ukikimbia, hewa inayopita mlangoni ni nyingi mno, na ile ya ufa haifui dafu. Ndiyo maana gari langu lilitulia barabarani na kuugua kwenye taa.

Fundi akaazima mashine ileile ya kusomea, lakini hakuishia kwenye namba. Namba P0171 haisemi pampu ni mbovu wala sensa imekufa. Inasema tu kwamba hewa imezidi mafuta. Kwa nini, ni kazi yako kutafuta. Alitazama nyongeza ya mafuta ambayo kompyuta inaiweka ili kufidia upungufu. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyongeza ilikuwa asilimia 24. Alipokanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi asilimia 5. "Ingekuwa pampu imechoka au chujio limeziba," akasema, "ungeona kinyume: mzigo ukizidi, njaa inazidi." Kwa maneno hayo machache, nusu ya orodha ya laki 6 ilifutika.

Baadaye akafunga geji ya ombwe. Hapa nilijifanya najua. Nilikuwa nimesoma kwamba injini nzima ikiwa kwenye sailensa husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki, na geji ilisoma 11. Nikasema injini imekufa. Mzee akatabasamu. Akaniambia vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Kila unapopanda futi 1,000, yaani kama mita 300, toa inchi 1. Dodoma iko juu kiasi cha mita 1,100. Kwa hiyo hapa injini nzima husoma kama 13 hadi 18. Kumi na moja ilikuwa pungufu, lakini si msiba. Nilikumbuka habari ya Torricelli na mrija wake wa zebaki wa mwaka 1643, niliyoikariri kwa ajili ya mtihani na kupata alama nzuri. Mzee yule hakuwahi kukaa darasani kumsoma Torricelli, lakini alimwelewa kuliko mimi.

Ikabaki kupata mahali penyewe. Kwanza alitazama na kusikiliza, akiweka ncha ya kipande cha mpira sikioni na kupitisha ncha nyingine juu ya maungio. Kisha akachukua chupa ya kunyunyizia maji ya sabuni, akanyunyiza kidogo kidogo kwenye gasketi na mipira ya hewa, mbali na nyaya za umeme. Maji yakiziba ufa, mlio wa injini hubadilika. Nawaonya, vijana: wapo wanaonyunyiza petroli kwa kazi hiyo. Injini ina moto na cheche. Msithubutu.

Mwishowe akabana mipira mmoja mmoja kwa koleo, taratibu. Alipobana mpira mnene unaotoka kwenye bomba la hewa kwenda kwenye busta ya breki, injini ikatulia papo hapo. Ilikuwa kama mtoto aliyepewa ziwa. Aliufungua akaupindua: upande wa chini, karibu na kibano, ulikuwa na ufa wenye urefu wa kidole. Kwa juu ulionekana mzima kabisa.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo nilipokaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu. Busta ndiyo inayosaidia mguu kukandamiza breki, nayo katika gari kama langu hutegemea ombwe linalopita katika mpira ule. Ungekatika kabisa mlimani, breki zingekuwapo, lakini kanyagio lingekuwa gumu kama jiwe, na dereva angehitaji nguvu nyingi zaidi kusimamisha gari. Nikaufikiria mteremko wa Nyang'oro wakati wa kurudi, lori mbele yangu na watoto wamelala nyuma.

Na jibu la lile swali la tatu ni hili: katika huduma iliyotangulia, fundi aliniambia mipira imekuwa migumu, ibadilishwe. Nikasema, "Safari ijayo." Bei ya mpira ule haikufika shilingi 30,000. Mkosaji niliyekuwa namtafuta mji mzima alikuwa ndani ya tai yangu.

Mpira mpya ulifungwa asubuhi. Geji ikasoma 16, nyongeza ya mafuta ikarudi asilimia 3, taa ikafutwa na haikuwaka tena. Mafuta yaliyokuwa ndani ya tangi ni yaleyale niliyoyalaani.

Kabla ya kufunga mizigo nilikwenda kituoni. Kijana alikuwa siku ya 3 hajagusa pampu. Nilimkuta kwenye benchi nyuma ya kibanda. Nilimwomba msimamizi aje, nikasema mbele yake na mbele ya wateja kwamba nilikosea, kwamba mafuta hayakuwa na dosari na kijana hakuwa na kosa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nami niliyastahili. Kijana akaniuliza, "Gari limepona, mzee?" Nikamwambia limepona. Akasema, "Basi safari njema." Akaenda kuvaa kofia yake ya kazi. Mpaka leo swali lake linanirudia kila ninapotaka kumwandikia mtu barua ya kujieleza. Kwangu gari lilikuwa na kasoro kwa siku 3. Kwake zilikuwa siku 3 za kazi, na jina lake.

Sasa, kwa mnaorudi nyumbani kesho kwa magari, fanyeni mambo machache. Siku kadhaa kabla ya safari ndefu, si usiku wa kuamkia, fungua boneti injini ikiwa baridi, ubinye mipira yote, hasa upande wa chini na kwenye vibano. Uliokauka, uliopasuka au unaonata, badilisha. Washa injini usikilize sailensa na mlio wa kufyonza hewa. Kisha pima busta: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu, liendelee kukandamizwa, halafu uwashe. Likizama kidogo chini ya mguu, ni dalili njema. Lisipozama, usiondoke, mwone fundi. Wenye dizeli, injini zenu nyingi zina pampu yake ya kuvuta hewa, lakini mpira wa busta ni mpira, na kipimo cha kanyagio ni hicho hicho. Na fundi akikupa orodha ya vipuri, muulize kwa upole: umepima nini?

Nanyi vijana, mtatoka hapa na vyeti, na wengi wenu mtapewa meza, mihuri na watu wa kuwaamuru. Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukamwita kwa jina hilo: "Pima kwanza." Tulidhani anazungumza juu ya maabara. Jambo likiharibika baada ya mtu fulani kupita, haina maana kwamba ameliharibu yeye. Tafuteni chanzo kwanza. Mara nyingine mtakuta hakuna mkosaji, na mara nyingine mtakuta ni ninyi.

Mama alifika Njombe salama, akalalamika njia nzima kwamba naendesha pole pole.