Namkabidhi nani?

Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita.

Mpenzi msikilizaji, mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha, na hiyo si habari. Kwetu habari ni siku isiyonyesha. Nilikwenda kumuaga mwalimu wangu wa zamani ambaye amestaafu. Kafundisha sekondari zaidi ya miaka thelathini, asubuhi hesabu, jioni mpira wa kikapu. Jina lake silitaji kwa sababu kaniomba nisilitaje, na pia kwa sababu wewe unayenisikiliza unaye wa kwako, na jina lake unalijua.

Sherehe ilikuwa nzuri. Mgeni rasmi aliyesubiriwa saa nne akafika saa nane, akatoa hotuba ndefu, akasema mwalimu ni taa. Wote waliosimama baada yake nao wakasema mwalimu ni taa. Kisha zikaja zawadi: saa ya ukutani, godoro, vitenge viwili vya mama, na bahasha. Mwalimu akapewa nafasi ya kushukuru. Akasema, "Ndaga fijo," halafu akainama, akatoa kiroba chini ya kiti. Ndani mlikuwa na mipira miwili ya kikapu, pampu na filimbi. Akauliza:

"Hivi namkabidhi nani?"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Walidhani ni utani. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikamwona uso. Hakuwa anatania.

Swali hilo limepanda basi pamoja nami mpaka Dar es Salaam, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kwanza niwaeleze kikapu cha Tukuyu kilivyokuwa. Kiwanja chetu kilikuwa cha udongo. Nguzo zilikuwa milingoti, ringi alizitengeneza fundi wa kuchomea vyuma pale mjini, na ubao wa nyuma ulikuwa mbao za sanduku la kusafirishia mashine. Sasa, mpira wa kikapu unataka kitu kigumu chini ili udunde. Kwenye matope haudundi. Unakaa pale ulipouangusha kama embe. Na matope sisi tulikuwa nayo zaidi ya nusu ya mwaka. Mwalimu akaliangalia jambo hilo, akaamua: kama hatuwezi kudunda, tutapasiana. Alitukataza kabisa kudunda mpira. Aliyedunda alitoka nje akaenda kuchota maji. Tukajifunza kupasi bila kutazama, kukimbia kwenye nafasi, kumjua mwenzako atakuwa wapi kabla hajafika.

Siku tuliyokwenda Mbeya mjini, kilomita kama sabini, tukakuta uwanja wa saruji. Wenyeji walidunda mpira wakatupita kama tumesimama. Tulifungwa vibaya sana, na wengine tulilia. Kwenye gari mwalimu hakugomba. Alisema kitu kimoja tu, kwamba wale jamaa walikuwa na uwanja na sisi tulikuwa na timu, na kwamba uwanja utapatikana. Mwaka uliofuata tulirudi tukawafunga. Uwanja, lakini, haukupatikana. Haujapatikana mpaka leo.

Mpenzi msikilizaji, sasa niruhusu nikutoe Tukuyu nikupeleke Kenya, kwenye mji unaoitwa Iten. Nao ni mji mdogo wa baridi, uko ukingoni mwa Bonde la Ufa, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1976 alifika hapo mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika sekondari ya wavulana ya St Patrick's. Riadha hakuisomea. Alianza kwa kumsaidia mwalimu Mwingereza aitwaye Peter Foster, ambaye ndugu yake, Brendan, mwaka huo huo alipata medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal. Foster akaondoka. Bruda akabaki, na saa ya kupimia muda ikabaki mkononi mwake.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka mbio za Boston za mwaka 1988. Juma Ikangaa wetu alikuwa wa pili, akapitwa kwa sekunde moja tu: yeye saa 2, dakika 8 na sekunde 44, mwenzake sekunde 43. Aliyemshinda ni Ibrahim Hussein wa Kenya, naye alipita shule ile ile ya Iten. Nyumbani kwetu tulisema ni bahati mbaya. Miezi michache baadaye, Seoul, kijana mwingine wa Iten, Peter Rono, akachukua dhahabu ya mita 1,500. Mwaka 1989 Bruda akaanzisha kambi ya wasichana wakati wa likizo, na mwaka 1991 Lydia Cheromei, mtoto wa miaka 13, akawa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio za nyika. Halafu London, Agosti 2012, David Rudisha akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, binadamu wa kwanza kushuka chini ya 1:41. Miaka minne baadaye, Rio, Rudisha akashinda tena. Kocha wake ni yule yule mwalimu wa jiografia.

Hesabu mwenyewe. Kutoka 1976 hadi 2016 ni miaka 40. Mtu mmoja, mji mmoja.

Sisi katika miaka yote hiyo medali zetu za Olimpiki ni mbili, na zote tulizipata Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Mpaka Olimpiki ya Paris mwaka 2024 hatukuongeza ya tatu. Mtu akiniambia Wakenya wana milima, nitamwambia aje Rungwe. Mlima wetu unakaribia mita 3,000 na watoto wanapanda makonde yake na ndoo kichwani.

Tukuyu wenyewe tumewahi kuonja. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa soka wa Tanzania Bara, na walikuwa ndiyo kwanza wamepanda daraja. Nilikuwa mtoto, lakini siku ile siisahau. Wazee waliokuwa hawajui kona ni nini walicheza ngoma barabarani. Wachezaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda klabu kubwa za Dar es Salaam, na ubingwa haujarudi tena. Siwalaumu walioondoka. Kijana akiitwa mahali penye mshahara aende. Ninachosema ni kwamba mji unaotaka kupeleka vijana kila mwaka lazima uwe na mtu anayebaki nyuma kuwaandaa wengine.

Hapa naomba tusidanganyane. Bruda Colm ni mtawa. Hana mke, hana karo ya mtoto, na shirika lake linajua atakula nini. Mwalimu wangu alikuwa na watoto watano, shamba la ndizi na mama mkwe mgonjwa. Kila jioni aliyokaa na sisi kiwanjani ni jioni ambayo hakupalilia. Hakulipwa posho. Mara mbili alipata barua ya uhamisho, mara mbili wazazi wakaenda kumwombea abaki, na kubaki kule kulimnyima cheo. Hata mipira ile miwili kanunua mwenyewe. Mtu akisimama mbele yake akasema "mwalimu ni taa", nadhani heshima ni kuuliza kwanza mafuta ya taa yalikuwa yanatoka wapi.

Akaja kuvunjwa moyo kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya UMISSETA ilisimamishwa nchi nzima, kwa hoja kwamba inaharibu masomo. Ilirudi katikati ya muongo ule. Kwa mpangaji wa mambo, miaka michache ni kitu kidogo. Kwa mtoto wa sekondari ndiyo sekondari yake yote. Walimu wengi walitundika filimbi wakati ule na hawakuzishusha tena. Wa kwetu aliendelea. Nilimuuliza alikuwa anawafundisha watoto kwa mashindano gani, akanijibu, "Ya Jumamosi."

Wapo watakaosema: huyu katoa mabingwa wangapi? Hakutoa hata mmoja. Katoa wauguzi, katoa dereva wa basi ambaye hajawahi kupindua gari, katoa bwana shamba, katoa mimi ninayeongea. Zamani Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika. Wavulana wakifika miaka kumi hivi walianza kujijengea vibanda vyao kando, wakalala pamoja, wakala pamoja, wakafundishana adabu ya kuishi na wenzao. Wataalamu walikuja kutoka mbali kuandika vitabu kuhusu desturi hiyo. Vijiji vile vimekwisha. Kazi ya kuwakusanya vijana jioni, wasikae stendi, wasionje pombe kabla ya wakati, imebaki kwa mtu mwenye filimbi, na filimbi ile sasa iko kwenye kiroba.

Nami nimepiga hesabu kidogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha hesabu. Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ukimwaga zege la unene wa sentimita kumi unapata mita za ujazo 42. Nimemuuliza fundi, anasema saruji isipungue mifuko 250. Kokoto na mchanga Rungwe hatuna shida navyo; volkano ilishatuletea zamani. Maji ndiyo kabisa. Waliofundishwa na mwalimu yule kwa miaka thelathini na ushee hawapungui mia tano, na wengi wana kazi. Mfuko mmoja kwa watu wawili. Siku ya sherehe tulichanga pesa nyingi kuliko hiyo kwa ajili ya maturubai, muziki na chakula cha mgeni rasmi aliyechelewa.

Nilipomweleza hesabu hiyo mwalimu aliniangalia kwa muda, akaikagua, akasema nimesahau mstari wa nje na pa kupitishia maji ya mvua, na kwamba Tukuyu ukisahau mfereji umejenga bwawa. Nimeongeza mifuko 30.

Siku tatu baada ya sherehe nilipita kwake kumuaga. Saa ya ukutani ilikuwa imeshatundikwa sebuleni, inakwenda vizuri. Kiroba kilikuwa chini ya kitanda. Aliniambia mipira huwa anaijaza upepo kila Ijumaa jioni, isije ikapasuka mikunjo, na kwamba mwalimu yeyote kijana akija, awe wa somo lolote, awe anajua kikapu au hajui, abishe hodi tu. Anakuwepo kila siku baada ya saa kumi.