MWENYE KALAMU NA MWENYE NYUMBA
(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama wa tawi letu)





Tumeombwa tuseme machache jioni hii, nasi hatukusoma ila chuoni kwa mwalimu, kisha tukaingia dukani kupima mchele na mafuta ya taa. Kwa hiyo siasa kubwa tunawaachia wazijuao. Twataka kumkumbuka mtu mmoja aliyefanya kazi kwa bidii na kuipenda nyumba yake, naye ni marehemu Sheikh Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962.

Wengi humjua kwa mashairi yake. Sisi jioni hii twataka kumtazama kwa mlango wa uani, kama jirani amtazamavyo jirani. Hakuwa tajiri. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaajiriwa na Serikali ya wakoloni kuwa karani wa forodha. Akadumu forodhani hata mwaka 1944, kisha akatumika katika idara ya wanyama, kisha katika afisi ya Wilaya ya Tanga, na mwisho katika idara ya upimaji wa ardhi. Katika utumishi huo alitolewa Pangani, penye bahari, akapelekwa Mpwapwa, bara kabisa. Aliyewahi kuwa karani aijua karatasi ya uhamisho: leo umezoeana na majirani, kesho wafunga mizigo na watoto wakuuliza waenda wapi. Walakini vingi katika vitabu vyake aliviandika naye yu katika kazi hiyo ya mshahara.

Mkewe Amina alifariki, akamwachia watoto wadogo, binti na mwana. Marehemu akamlilia mkewe kwa shairi linalojulikana hata leo kwa jina la bibi huyo. Lakini hakuishia katika kulia. Akakaa kitako akawatungia wale watoto nyusia mbili ndefu: binti akatungiwa Utenzi wa Hati, na mwana akatungiwa Utenzi wa Adili. Mshahara wa karani haujengi majumba ya ghorofa, ndugu zetu. Alichoweza kuwarithisha wanawe ni maneno ya dini, adabu na mwenendo mwema, naye aliwapa bila ya choyo.

Hapo kwa yule binti ndipo tulipotaka kufika. Katika pwani yetu hii walikuwako wazee wengi waliokubali binti asome Kurani, wakakataa asifundishwe kuandika, wakichelea kuwa atawaandikia wanaume barua. Sheikh Shaaban alikuwa Mwislamu na mtoto wa pwani hiyo hiyo, naye akampa bintiye hati. Hapana mtu mwenye akili ampaye hati asiyetaka aisome. Tena baadaye akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mtoto wa Fumba hapa Unguja, aliyeuza vyungu katika umaskini, kisha sauti yake ikatiwa katika santuri. Mtu wa Tanga akaona fahari kumwandika mwanamke maskini wa kisiwa chetu. Atazamaye binti yake kwa jicho la heshima, huwatazama na mabinti wa watu kwa jicho hilo hilo.

Sasa tuseme yetu, na mtuwie radhi. Usiku mmoja binti yetu alitujia na daftari lake, ataka tumsikilize somo. Tukamwambia, "Kesho, mama, usiku huu tuna mkutano." Kesho ikazaa kesho nyingine, hata mtoto akaacha kuja. Tulipomkumbuka yule karani wa Tanga tukaona haya, kwa kuwa yeye aliyekuwa na afisi mchana na vitabu vya kuandika alipata wasaa wa wanawe, na sisi wenye duka hapo hapo mlangoni hatukupata.

Ndugu wanachama, chama chetu hakikushika Serikali. Hakina vyeo vya kugawa, wala ardhi, wala kazi. Rasilimali yetu ni watu wetu tu, na mwenye duka ajua kuwa rasilimali ikiliwa hapana biashara tena. Tukisimama jukwaani kudai haki, kisha mke hana posho na mtoto hajui kuandika jina lake, jirani asiye wa chama chetu ataamini yapi? Atayaamini ayaonayo uani.

Basi sisi tumekata shauri. Baada ya sala ya Isha hatufungui daftari la madeni wala hatutoki kwenda barazani mpaka tumewasikiliza watoto wetu somo, wa kike na wa kiume kwa mizani moja. Twawaomba nanyi mfanye hivyo, na mikutano ya tawi ianze baada ya hapo. Ikichelewa nusu saa, haidhuru.

Yule binti yetu tulimwita tena. Siku ya kwanza alitutazama kama atutiliaye shaka. Siku ya tatu akaleta daftari mwenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Shaaban Robert, awarehemu na wazazi wetu waliotangulia, na atuwezeshe kuwa wachunga wema wa tuliopewa. Amin.

Wassalaam.