Sahani Yangu na Wale Walio Jikoni

 

Maneno haya niliyasema mbele ya wazee na akina mama wa ushirika wetu, na ndugu wa kamati wakaniomba niyaandike kwa ajili ya gazeti hili la sikukuu. Nilipotaja somo, wengine walicheka. Mwinjilisti amevuka mpaka kuja kufundisha juu ya sahani? Ndiyo, sahani. Juu ya pombe tunahubiri, juu ya sigara tunahubiri, lakini juu ya kula kupita kiasi tunanyamaza, na sababu yake unaijua: mara nyingi anayehubiri ndiye anayewekewa kipande kikubwa.

Nianze na mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa navuka pale Gatumba na Kavimvira, leo semina Bujumbura, kesho mkutano Uvira. Mtumishi akifika ni lazima ale. Jumapili moja nilikula nyumba tatu. Ya kwanza wali, maharage na nyama. Ya pili ugali wa muhogo, sombe na mukeke wa kukaanga. Kufika ya tatu nilikuwa napumua kwa shida, lakini mama mwenye nyumba akasimama juu yangu na mwiko: "Ongeza kidogo, baba mtumishi, unakula kama mgonjwa!" Nikaongeza. Nani angekataa? Kwetu sisi, kumkatalia mtu chakula chake ni kama kumkatalia yeye mwenyewe.

Baadaye nikatoka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa. Pale jikoni nikawakuta mama wawili waliopika tangu alfajiri, pamoja na watoto wanne hivi, wanakwangua sufuria. Ukoko na mchuzi, basi. Nyama haikuwepo. Nyama ilikuwa tumboni mwangu, na humo tumboni ilikuwa inaniumiza. Wale mama wakainuka kwa furaha, wakanisalimu, wakaniuliza kama nimeshiba.

Ndugu yangu msomaji, swali lile lilinichoma kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia.

Miezi michache mbele, mwili nao ukasema lake. Nilikuwa naamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, kiu haiishi, nikadhani ni uchovu wa safari. Muuguzi akanipima: presha imepanda, sukari iko juu. Kama wewe unaona dalili hizo, usingoje maombi ya Ijumaa. Nenda ukapimwe, halafu tutaomba pamoja tukijua tunaombea nini.

Nikaanza kusoma Neno kwa macho ya mtu aliyeshikwa. Fungua 1 Wakorintho 11. Tunaisoma kila tunapokaribia Meza ya Bwana, lakini tunaruka haraka mahali Paulo anapowakemea watu kwa sababu ya chakula chenyewe. Wengine walitangulia kula mpaka wakalewa, na wengine walibaki na njaa, tena kanisa ni moja, chumba ni kimoja. Anawaambia wangojeane. Kungojeana tu! Na Ezekieli sura ya 16 inapotaja uovu wa Sodoma, kushiba kumo katika orodha, pamoja na kutomsaidia maskini. Hilo la kushiba sikumbuki kama nimewahi kulisikia kwenye mkutano wa hadhara. Hata mimi sikulihubiri.

Hapa niseme wazi, nisije nikaeleweka vibaya. Simsemi ndugu ambaye kwake sufuria inapanda jikoni mara moja kwa siku. Wala simwambii anayelima au anayebeba magunia sokoni apunguze, yeye anahitaji kuliko mimi ninayekaa kwenye gari. Nasema na sisi tunaoongezewa.

Je, kiasi ni kipi? Angalia mkono wako. Ugali au wali, kama ngumi yako. Nyama au samaki, kama kiganja bila vidole. Halafu mboga, lengalenga, kabichi, sombe isiyoogelea katika mawese, hizo zichukue nusu ya sahani. Mke wangu alinunua sahani ndogo na akazificha zile kubwa. Wiki ya kwanza nilinung'unika kama Israeli jangwani. Wiki ya tatu nikazoea.

Jambo lingine ni haraka. Tumbo halipeleki habari kichwani papo hapo kwamba limejaa, inachukua kama dakika 20. Sisi tunamaliza sahani kwa dakika kumi, tunajisikia bado, tunapakua tena, na habari inafika tumeshachelewa. Kwa hiyo anza na kidogo, tafuna, ongea na watu, kunywa maji, ngoja. Kama bado una njaa, ongeza, hakuna dhambi. Na soda nazo! Chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Weka vijiko vinane kwenye kikombe chako mbele za watu uone watakavyokutazama, lakini soda mbili tunakunywa na kusema amina.

Na kufunga. Tunafunga siku tatu, halafu usiku wa kufungua tunakilipizia chakula kisasi. Anza na uji mwepesi, upe mwili nafasi. Na wewe unayemeza dawa za sukari, zungumza na muganga kabla ya kufunga, maana sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka katikati ya maombi, na watu wakadhani ni Roho.

Kazi ngumu iliyobaki ni wenyeji wetu. Siku hizi nikifika nyumbani kwa mtu nasema mapema, kabla ya kupakuliwa: "Mama, chakula chako nakifahamu. Nipe kidogo kwanza, na hicho kingine watoto wakae hapa tule nao." Mama mmoja kule Uvira alikasirika kweli. Akaniuliza mbele ya wageni, "Nani amekuambia kwamba mimi naroga?" Ikabidi nitoe kadi yangu ya hospitali mfukoni nimwonyeshe. Akaisoma, akanyamaza, halafu akaita watoto. Tangu siku ile yeye ndiye anayewaonya akina mama wengine wasinijazie.

Kwa sikukuu hii niliiomba kamati kwamba watoto na wale waliopika wapakuliwe kwanza, na meza ya watumishi iwe ya mwisho. Wamekubali nusu: waliopika watatengewa sufuria yao mapema, kabla wageni hawajaketi. Habari ya meza ya watumishi bado inazungumzwa, kuna wazee wanaoona ni aibu. Mimi nitapanga mstari nyuma ya watoto. Ukiniona nimetangulia, nivute koti.